Mkaa, Gundi na Ubao

Mtoto wa Takaba anapoanza duksi, yaani chuo cha Kurani, kitabu chake cha kwanza hakitoki dukani. Kinatoka porini, kwenye mti uliokatwa, ukapasuliwa, ukakaushwa na kulainishwa hadi ukakubali wino. Wasomali huuita loho. Ni ubao wa mstatili, urefu wake dhiraa moja au kuzidi kidogo, na kichwani umeachiwa mpini wa kushikia na kutundikia. Wino utakaoandika juu yake husagwa na wanafunzi wenyewe, na kalamu huchongwa papo hapo, chini ya mti wanaposomea. Nchini mwetu watu wengi hukipita kifaa hiki bila kukitazama mara ya pili. Mimi nimekitazama, na kadiri ninavyokitazama ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu wanaokitengeneza.

Takaba iko Mandera Magharibi, katika kaunti inayopakana na Ethiopia na Somalia, na wengi wa watu wake ni Wagarre wenye ngamia na mbuzi. Mfugaji hufuata majani na maji, na duksi nayo humfuata mfugaji. Karatasi huraruka, hulowa, huliwa na mbuzi. Ubao hufungwa pamoja na mizigo juu ya ngamia na kushushwa kambi inayofuata ukiwa mzima. Watoto husoma alfajiri kabla mifugo haijatoka, kisha jioni, mifugo ikisharudi, kwa mwanga wa moto.

Mchongaji huanza kwa kuchagua mti, na ujuzi wake huonekana hapo hapo, kabla chombo hakijagusa kitu. Mti wenye utomvu mwingi haufai, kwa sababu utomvu husukuma maji, na wino ni maji. Mti wenye mafundo huacha vilima vitakavyoikwaza kalamu. Mti laini kupita kiasi hunywa wino, herufi zikavimba na kuingiliana. Anachotafuta ni nyuzi zilizobanana na kunyooka. Akilipata gogo la namna hiyo hulipasua kwa kufuata nyuzi zake, halilazimishi kwenda usikotaka mti.

Kisha tezo. Hulipiga gogo kwa mapigo mafupi, akitoa vipande vyembamba, na kila baada ya muda huinua ubao hadi usawa wa jicho kuona kama umepinda. Mpini haugundishwi wala kupigiliwa msumari. Hutolewa ndani ya kipande kile kile, kwa kupunguza mabega ya ubao pande mbili mpaka shingo itokeze. Hapo kazi husimama. Ubao bado ni mbichi, nao huachwa mnene kuliko unavyotakiwa na kuwekwa kivulini. Jua la Mandera likiupata kabla haujakauka litaupasua kuanzia kingo. Mwenye haraka huharibu mti mzuri katika hatua hii, ambayo kwa macho ya mpita njia haina kazi yoyote. Mchongaji mwenyewe hana wasiwasi. Anazo kengele za ngamia za kuchonga, zile koor za mbao, na ubao utangoja zamu yake.

Ukikauka hupunguzwa tena pande zote mbili, kwa kuwa zote mbili zitaandikwa, kisha hukwanguliwa kwa ukingo wa kisu na kusuguliwa. Siku hizi msasa wa dukani umerahisisha hatua hiyo. Lakini hukumu ya mwisho bado hutolewa na kiganja. Jicho hudanganywa na rangi za mti. Kiganja kikipita juu ya ubao polepole hukuta kila ukwaru uliobaki.

Wino ndio unaonivutia kuliko vyote. Vitu vinavyohitajika ni vitatu tu: mkaa, gundi na maji. Mkaa huchaguliwa ule ulioiva hadi ndani, mwepesi, unaovunjika bila kushindana. Hupigwa, huchekechwa, kisha husagwa juu ya jiwe bapa, kwanza mkavu, halafu kwa matone machache ya maji, halafu tena. Mtoto aliyepewa kazi hiyo hudhani amemaliza mapema sana. Maalim huchukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua, akamrudishia. “Bado, aabo. Endelea.” Chembe moja iliyobaki itaziba ufa wa kalamu katikati ya neno. Masizi ya sufuria pia hutumika, na hayo yana faida ya kuwa tayari ni unga laini, ila kuyapata ya kutosha ni kazi nyingine.

Gundi hutoka kwenye mgunga ambao Wasomali huuita cadaad na wataalamu wa mimea wameuzoea kwa jina la Acacia senegal. Gome likijeruhiwa wakati wa ukame, mti hutoa machozi yanayoganda hewani, rangi ya kaharabu. Ni gundi ile ile inayosafirishwa kwenda viwanda vya soda na peremende duniani, Sudan ikiwa muuzaji mkubwa, na hapa kwetu watu wa Mandera, Wajir na Isiolo huiokota porini na kuiuza kwa kilo. Duksi haihitaji kilo. Tonge dogo hulowekwa hadi liyeyuke, kisha humiminwa kwenye mkaa kidogo kidogo huku mtu akikoroga.

Kipimo hakiandikwi popote. Gundi ikipungua, mkaa huzama chini ya kikopo, na hata ukiandika, mstari ukikauka hupeperuka. Ikizidi, wino hunata, hung'aa, ukikauka hubanduka vipandevipande. Fundi hulijaribu tone pembeni mwa ubao. Likichuruzika, anaongeza mkaa. Likisimama bila kutaka kusogea, anaongeza maji. Akiridhika hasemi kitu, hufunika kikopo na kukiweka.

Niseme kwa nini haya yote ni magumu kuliko yanavyoonekana. Wino uliotawala Ulaya kwa karne nyingi, ule wa chuma na tanini, huuma kinachoandikwa. Hupenya ndani na kubaki. Kwa hati za serikali na mikataba hiyo ni sifa. Kwa ubao wa duksi ingekuwa hasara, kwa sababu ubao lazima ukubali somo la kesho. Wino wa mkaa haupenyi sana. Hukaa juu ya mti ukiwa umeshikwa na gundi, na gundi huyeyuka kwa maji. Hivyo mtengenezaji anatafuta vitu viwili vinavyopingana: wino usiong'oka mtoto anapoupapasa kwa kidole siku nzima, na ambao utaondoka wote kwa bakuli la maji. Kuvipata vyote viwili kwa kutumia jiwe, mkaa na tonge la gundi, bila mizani, ni elimu halisi, hata kama hakuna cheti chake.

Kalamu ni kijiti kigumu au utete. Huchongwa mshazari kwa kisu au wembe, ncha ikakatwa kwa upande, na katikati ikapasuliwa ufa mwembamba wa kushushia wino. Upana wa ncha ndio unaoamua kila kitu kinachofuata. Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliifanya nukta ya kalamu kuwa kipimo cha herufi zote: alifu ni ya nukta kadhaa, na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu. Mtoto wa Takaba hajasimuliwa habari hizo, lakini mkono wake unazifuata. Akichonga ncha pana, mistari itakuwa michache na aya haitaenea. Akichonga nyembamba mno, kalamu itakwaruza mti.

Mwanafunzi mdogo huandikiwa na maalim au na mwanafunzi mkubwa. Kwanza herufi, kwa njia ya kuzitaja na irabu zake kwa Kisomali, njia ambayo Wasomali humnasibishia Sheikh Yusuf al-Kawneyn, aliyezikwa Aw Barkhadle karibu na Hargeisa. Kisha al-Fatiha, kisha sura fupi za mwisho wa msahafu kwa kurudi nyuma. Mkono ukishakomaa, maalim husoma kwa sauti naye mtoto huandika, ubao ukiwa umeegemea goti. Huchovya, hugusisha kalamu kwenye ukingo wa kikopo ili tone la ziada lirudi, huandika neno au mawili, huchovya tena. Maalim huwa anawaimlia wengi kwa zamu, kila mmoja na sura yake, na wala hachanganyi. Herufi ikikosewa haifutwi ovyo. Ncha ya kidole hulowanishwa, herufi hiyo peke yake huondolewa, mahali pake pakaachwa pakauke, ndipo iandikwe upya. Sijapata kuona somo la subira lililo wazi kuliko mtoto aliyekaa kimya akingoja mti ukauke kwa ajili ya herufi moja.

Baada ya hapo ubao husomwa, husomwa tena, mpaka mtoto aweze kuugeuza na kusoma bila kuutazama. Akisikilizwa na kupita, huruhusiwa kuuosha. Maji yake hayamwagwi njiani. Hupelekwa mahali ambapo miguu haikanyagi. Watu wa pwani wanaijua heshima hiyo kwa namna nyingine, kwenye kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa na maji yake kunywewa. Ubao wa duksi huegemezwa ukauke. Kadiri unavyooshwa ndivyo unavyokuwa laini na kuingia rangi ya kijivu, na wanafunzi hugombania mbao kuukuu kuliko mpya. Mwanafunzi akihitimu, sura zote 114, aya 6,236 kwa hesabu ya mji wa Kufa, zimepita juu ya ubao wake.

Ubao huu una ndugu wengi. Wahausa wana allo, na huwa wanaupamba kwa michoro ya rangi kwa ajili ya sherehe ya mwanafunzi aliyefikia kikomo fulani cha masomo. Wamoroko na Wamauritania wana wao, Wasudani pia. Mbao zilizopambwa zimehifadhiwa kwenye makumbusho na kupigwa picha za vitabu. Wa Takaba hauna pambo. Uzuri wake uko katika unene uliolingana, shingo iliyotoka bila ufa, na mistari iliyokaa sawa bila kupigwa rula. Nikiulizwa, nitauweka mbele ya zile za makumbusho.

Siku hizi kuna ubao mweupe wa plastiki na kalamu yake ya rangi. Ni wa bei nafuu, hauna uzito, na unafutwa kwa kitambaa mara moja. Sishangai wazazi wakiuchagua. Lakini majina ya miti inayofaa, kiasi cha gundi, na siku za kungoja kivulini yote yanakaa vichwani mwa wazee wachache, na sijaona aliyeyaandika kwa ajili ya watoto wa shule zetu. Mwalimu unayefundisha Takaba, Banissa au El Wak, tuma wanafunzi wako kwa hao wazee wakaandike majina hayo kwa Kigarre na kwa Kisomali. Nawe mzazi, kabla hujanunua plastiki, mwache mwanao kwanza asage mkaa.