Msafiri Maskini, Ajapokuwa Sultani: Uhakiki wa Lugha ya Safari za Kifahari

Utangulizi

Kama kuna neno la Kiswahili lililotembea dunia, basi ni neno safari. Leo hii makampuni ya utalii yanauza safari nchini Namibia na Botswana, nchi ambazo Kiswahili si lugha ya wenyeji. Hapa Rusizi, na ng'ambo ya mto huko Bukavu, Safari ni hata jina la mtu: tunao wanafunzi, majirani na wazee wanaoitwa hivyo. Kwetu sisi mchuuzi anayekwenda Kigali kufuata bidhaa yumo safarini, na anayepeleka mgonjwa hospitali yumo safarini vilevile. Katika vipeperushi vya utalii, hata hivyo, msafiri ni mmoja tu, naye ni yule aliyelipa.

Makala haya yanahakiki aina moja ya matini ambayo idara za Kiswahili hazijaipa nafasi ya kutosha, yaani ratiba ya safari ya kifahari. Sababu ya kuihakiki ni ya karibu. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, na mwaka 2023 Msitu wa Nyungwe, ulio mlangoni petu, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wanafunzi wetu wataombwa kuandika na kutafsiri ratiba za aina hii. Je, watatafsiri maneno tu, au na macho ya kutazamia nchi yao pia?

Ratiba inavyojengwa

Tuchukue ratiba ya kawaida ya jangwa na wanyamapori kusini mwa Afrika. Mgeni hufika Windhoek, hupanda ndege ndogo hadi Sossusvlei kutazama vilima vya mchanga vinavyozidi mita 300, huelekea Etosha kuona wanyama, kisha humalizia katika delta ya Okavango nchini Botswana. Kila siku ina kichwa chake, kila asubuhi ina shughuli yake.

Haki itendeke: matini hii ina sifa zake. Ina mpangilio na inajua majira. Ratiba nzuri hueleza kwamba Etosha hutazamwa vizuri wakati wa kiangazi, wanyama wanapokusanyika kwenye visima vichache. Hueleza pia kwamba Okavango hufurika katikati ya kiangazi hichohicho, mnamo Juni hadi Agosti, kwa kuwa maji yake hutokana na mvua iliyonyesha Angola miezi kadhaa kabla. Hayo ni maarifa ya kweli, na mwanafunzi anayeweza kuyapanga kwa sentensi fupi na zenye mantiki amejifunza jambo.

Tatizo linaanza tunapoigeuza ratiba hiyo kwa Kiswahili. Hapo vitenzi vyote huwa vya kutendwa na kutendewa: utapokelewa, utachukuliwa mizigo, utapikiwa, utawashiwa moto, utatandikiwa kitanda. Na nani? Hatuambiwi. Sarufi ya Kiswahili inaruhusu mtendaji aachwe, lakini mtendaji akiachwa katika kila sentensi kwa siku 12 mfululizo, hilo si suala la sarufi tena. Msomaji hubaki na picha ya moto unaojiwasha na vitanda vinavyojitandika. Mwenyeji huonekana mara moja tu, akiwa mandhari: mchumaji wa chai anayepamba picha, au mcheza ngoma wa jioni.

Neno lililosafiri bila mizigo yake

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo yamo masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara, na ya Selim bin Abakari aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Jambo la kuzingatia ni nafsi. Mswahili ndiye msimulizi. Hata aliyekuwa mtumishi wa safari ndiye anayetazama, anayeshangaa na anayetoa hukumu kuhusu nchi za watu.

Tukumbuke pia msamiati wa misafara ya zamani. Palikuwa na kirangozi aliyetangulia njia, mpagazi aliyebeba mzigo, posho ya chakula cha kila siku, hongo iliyolipwa kwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake, na kambi ya kulala. Kiingereza kilichukua neno safari katika karne ya 19. Theodore Roosevelt alipofika Mombasa mwaka 1909 kuwinda, wapagazi wake walikuwa wapatao 250, lakini sifa zilimwendea yeye. Leo kambi imebaki, nayo ina bafu na vitambaa vyeupe. Posho imekuwa ugali huko Uganda, na malipo ya vikao kwingineko. Hongo imekuwa rushwa. Mpagazi na kirangozi wametoweka katika vipeperushi. Kwa ufupi, neno safari lilivuka bahari na kuwaacha wabebaji wake bandarini.

Jangwa tupu, pori lisilo na mtu

Kasoro ya pili ni ya uteuzi wa maneno. Ratiba hupenda kuliita jangwa tupu, na pori halijaguswa. Lakini Kalahari haikuwa tupu. Wasan waliishi humo tangu kale, wakahamishwa kutoka Hifadhi ya Kalahari ya Kati mwaka 1997 na 2002, na mnamo Desemba 2006 Mahakama Kuu ya Botswana iliamua kwamba waliofungua kesi waliondolewa isivyo halali. Mwandishi akiandika "tupu" juu ya ardhi iliyopiganiwa mahakamani, amekwisha kuchukua upande, hata kama hakukusudia.

Nasi tujitazame. Vipeperushi vingine vya Kiswahili huiita Nyungwe "mbuga". Mbuga ni uwanda wa nyasi. Serengeti yafaa kuitwa hivyo. Nyungwe ni msitu wa milimani, wenye mvua nyingi, uliokaa juu ya mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Nili. Tuseme hifadhi au msitu. Aidha, neno sokwe hutumiwa kwa wanyama wawili tofauti. Mgeni aliyeahidiwa sokwe akidhani ataona gorila atasikitika Nyungwe, kwa sababu gorila wa milimani wako Volkano, kaskazini. Hapa tunao sokwe mtu na mbega. Wala tusiandike kwamba msitu huu haujaguswa: ndovu wake wa mwisho alikufa mwaka 1999, na barabara ya Huye hadi Rusizi inaupasua katikati.

Anasa au fahari?

Tatu, tunapotafsiri wazo lenyewe la ukwasi, wengine husema anasa, wengine kifahari. Maneno haya si pacha. Anasa katika masikio ya Mswahili hubeba harufu ya kujisahau. Kifahari hutoka katika fahari, yaani heshima na kujivunia. Rwanda ilipopandisha kibali cha kuona gorila kutoka dola 750 hadi 1,500 mwaka 2017, na mgao wa wananchi waishio kando ya hifadhi ukapanda mwaka huohuo kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato ya hifadhi, fedha za mgeni zilihusishwa waziwazi na maisha ya mwenyeji. Fahari ya namna hiyo inasemeka. Ratiba inayotaja bei na kunyamaza kuhusu mgao huo inauza anasa tu.

Wahenga walisema: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Maana yake ni kwamba ugenini kila mtu ni mhitaji. Hajui njia, hajui maji yaliko, hajui mvua itaanza lini. Ratiba ya kifahari hujitahidi kuikanusha methali hii kwa kumfanya mgeni aamini kuwa ni sultani kila mahali. Kiswahili chetu kinajua vingine, na ujuzi huo tusiuache nje ya darasa.

Tufundisheje?

Ninapendekeza zoezi la wiki moja kwa mwaka wa pili. Kila mwanafunzi achukue ratiba moja, apigie mstari kila kitenzi cha kutendwa, kisha aandike upya akiwataja watendaji. Mfano wangu ni huu:

"Siku ya pili mtaondoka Gisakura kabla ya mapambazuko. Wafuatiliaji watakuwa wametangulia kutafuta mahali sokwe mtu walipolala. Mwongozaji atawapitisha njia ya matope. Mfuateni nyayo kwa nyayo. Mkitaka mtu wa kuwabebea mkoba, mtapatana naye kabla ya kuingia msituni. Mvua yaweza kunyesha saa yoyote. Wanyama wasipoonekana, msitu hauna deni kwenu: jioni mtapanda hadi Uwinka kutembea juu ya daraja linaloning'inia."

Aya hii haikumpunguzia mgeni chochote. Imemwambia ukweli, ikamheshimu, na imewarudisha watu waliofutwa. Naamini hata mfanyabiashara ataikubali, kwa kuwa mgeni aliyeambiwa ukweli halalamiki.

Hitimisho

Uhakiki huu haupingi utalii. Vijana wengi wa Rusizi na Nyamasheke wanautegemea, na baadhi ya wahitimu wetu watakuwa waongozaji na wafasiri. Hoja ni kwamba mwenye lugha asikubali kurudishiwa neno lake likiwa limebanduliwa watu. Walimu wenzangu, tusiishie kusahihisha upatanisho wa kisarufi katika matini hizi. Tuulize pia ni nani aliyeutandika ule moto na kitanda. Mwanafunzi akizoea kuuliza "na nani?", hatahitaji kuambiwa mara ya pili safari ni ya nani.