'Pia' haitoshi kueleza seli inavyogawanyika

Jioni moja wiki iliyopita, hapa Embulbul, mtoto wa jirani aliye kidato cha tatu aliniletea daftari lake la Biolojia. Somo lilikuwa mgawanyiko wa seli. Shuleni hufundishwa kwa Kiingereza, lakini binti huyu ana tabia njema ya kujiandikia maelezo ya Kiswahili pembeni ili aelewe. Kando ya mchoro wa kile ambacho Waingereza hukiita spindo, alikuwa ameandika: "Pia huvuta kromosomu."

Nikamuuliza, "Huvuta, na tena hufanya nini kingine?"

Akacheka. "La, mwalimu, si pia ya vilevile. Ni ile pia ya watoto ya kuzungusha. Nimeitoa kwa kamusi ya simu. Lakini sasa, hii pia huzunguka ama haizunguki?"

Swali lake lina uzito kuliko alivyodhani. Tafsiri hiyo ina kasoro tatu, na mbili kati yake haziwezi kuonekana mpaka mtu aijue kazi yenyewe inayofanywa ndani ya seli.

Kasoro ya kwanza ni ya sarufi. Neno pia likianza sentensi, msomaji wa Kiswahili hulisoma kama kiunganishi. "Pia huvuta kromosomu" inakuwa sentensi isiyo na mtendaji. Istilahi inayohitaji maelezo kila inapotumiwa ni mzigo kwa mwandishi na kwa msomaji.

Kasoro ya pili na ya tatu zinatupeleka kwenye hamira, na hapa Kiswahili kina haki ya kudai nafasi. Mwaka wa 1893, Mjerumani Paul Lindner alieleza hamira iliyotoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Aliipa jina Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe hiihii yetu. Leo neno hilo hutamkwa katika maabara za Uingereza, Japani na Marekani. Paul Nurse aliitumia hamira hiyo kuchunguza kinachoiamuru seli ianze kugawanyika, na mwaka wa 2001 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Hartwell alitumia hamira ya mkate.

Je, hamira ya pombe hugawanyika vipi? Seli yake ina umbo la kijiti, na ina kromosomu 3 tu. Kabla ya kugawanyika, kila kromosomu hunakiliwa, na nakala hizo mbili hufungwa pamoja kwa protini mfano wa pete. Tofauti na seli zetu, ambazo ukuta wa kiini chake huvunjika wakati huo, wa hamira hubaki mzima. Kwenye ukuta huo kuna vituo viwili, na kutoka kila kituo huota mirija midogo mno, yenye upana wa kama nanomita 25. Mingine hunasa kromosomu. Mingine hupishana katikati na ile inayotoka upande wa pili.

Hapo kazi mbili hufanyika. Mirija iliyonasa kromosomu huvuta, kila upande kwake, kama wanafunzi katika mchezo wa kuvuta kamba. Mradi pete hazijakatwa, kamba hukaza na hakuna anayeshinda. Seli huhitaji mkazo huo, kwa kuwa ndio ushahidi kwamba kila nakala imeshikwa na upande wake. Ikiwa hata kromosomu moja haijashikwa, shughuli yote husimamishwa. Zote zikishashikwa, pete hukatwa na nakala huachana. Kisha ile mirija inayopishana katikati husukumwa na protini zinazotembea juu yake, vituo vikazidi kutengana, kutoka mikromita 2 au 3 hadi zaidi ya 10.

Sasa tumjibu binti. Pia huzunguka, mtambo huu huvuta na kusukuma. Hiyo ndiyo kasoro ya pili. Ya tatu ni umbo. Wataalamu wa Ulaya katika karne ya 19 walilinganisha walichokiona na kijiti cha kusokotea uzi, kilichonenepa katikati na kuchongoka ncha zote mbili. Pia yetu ina ncha moja ya kusimamia. Tena katika hamira ya pombe mtambo wenyewe ni ufito mwembamba, haujanenepa popote. Kwa hiyo tumetafsiri mfano wa wenyewe, na mfano huo hauifai hata hamira iliyobeba neno letu.

Napendekeza mirija ya mgawo. Mrija ni kitu chenye uwazi ndani, na ndivyo vilivyo vitu hivi. Tena ni neno linalokaa vizuri karibu na pombe, maana wapo wazee wengi katika ukanda huu wanaokunywa pombe ya nafaka kwa mirija. Mgawo nao hutaja kazi: kila seli changa ipate fungu lake kamili.

Najua atakayesema, "Mbona tusiseme spindo tu, yaishe?" Sina ugomvi na maneno ya kukopa; nimetumia kromosomu na protini humu bila haya. Lakini mkopo mtupu humpa msomaji sauti bila maana, na hapa maana inahitajika nje ya darasa pia. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanaougua saratani ya Burkitt hutibiwa kwa vinkristini, dawa inayotokana na mmea wa Madagaska. Dawa hiyo huzuia mirija hii isijengeke, seli ya saratani ikakwama katikati ya mgawanyo na kufa. Mzazi aliyeketi wodini akiambiwa dawa inashambulia "pia", ataelewa nini? Akiambiwa inaharibu mirija inayogawa kromosomu, atakuwa na pa kuanzia kuuliza. Hata ganzi ya vidole ambayo mtoto huweza kuipata ataielewa, kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo hutegemea mirija ya aina hiyohiyo.

Wanaotunga istilahi wasianze na kamusi ya Kiingereza. Waanze na kitu chenyewe na kazi yake, ndipo watafute neno. Binti alifuta sentensi yake, akaandika: "Mirija ya mgawo huvuta kromosomu, kisha husukuma ncha za kiini zitengane." Kisha akauliza ni nani huikata ile pete. Kwa swali hilo tulikaa mpaka mama yake akamwita chakula.