"Risasi za Mpira": Jina la Silaha na Jina la Mtu

Istilahi "risasi za mpira" yafaa ihakikiwe. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia silaha hiyo Ireland ya Kaskazini mwaka 1970. Nairobi iliishuhudia katika maandamano ya Juni 2024. Kwa Kiswahili, "mpira" hukumbusha mchezo wa watoto, ilhali silaha yenyewe hupofusha na hata kuua. Liboi, mpakani na Somalia, lugha ilifanya kazi kinyume. Katika vita vya 1963–1967 silaha haikuhitaji jina la upole, kwani raia wengi walikwisha kuitwa "shifta". Jina lilitangulia risasi. Na mwaka huohuo wa 1970 sheria ya Kenya ikawakinga askari wasishtakiwe. Basi mhakiki asiulize tu silaha yaitwaje. Aulize pia aliyepigwa aliitwa nani.