Kisanduku cha Tisa

Karatasi ina visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Vinane vimechorwa maumbo, cha tisa kiko wazi. Chini yake yamepangwa majibu sita au manane, na ni moja tu linalostahili kukaa pale. Hakuna insha ya kuandika wala tarehe za kukumbuka. Aliyewahi kuomba kazi kwenye benki kubwa au shirika la kimataifa huenda ameshakutana na usaili wa namna hii, saa inahesabu huku jasho linamtoka.

Wengi hutoka humo wakisema waliofaulu wana kipaji: wanatupa jicho mara moja, jibu linawajia. Mimi nikimwangalia fundi wa maswali haya akiwa kazini sioni kitu cha aina hiyo. Naona mtu mtaratibu, tena mwenye kushuku.

Chukua kalamu uchore swali hili, nimelitunga kwa ajili ya makala haya. Safu ya juu ina duara lenye nukta 1 na mshale unaoelekea juu. Kisha mraba, nukta 2, mshale kulia. Kisha pembetatu, nukta 3, mshale chini. Safu ya kati: mraba, nukta 2, mshale kulia, pembetatu, nukta 3, mshale chini, duara, nukta 5, mshale kushoto. Safu ya mwisho: pembetatu, nukta 3, mshale chini, duara, nukta 5, mshale kushoto, halafu pengo.

Mwenye haraka huona moja, mbili, tatu kwenye safu ya juu, akafurahi: nukta zinaongezeka mojamoja! Fundi naye ameliona hilo, ila haliamini mpaka ashuke safu ya pili. Mbili, tatu, tano. Kanuni imekufa, na yeye haiombolezi. Anajaribu nyingine: huenda kisanduku cha tatu ni jumla ya viwili vilivyotangulia. Moja na mbili ni tatu. Mbili na tatu ni tano. Hii inasimama. Basi chini, tatu na tano zitoe nane.

Sasa nukta anaziweka kando kabisa, kama mpishi anayechambua mchele kwa kutoa mawe kwanza na kuacha chuya zamu yake ifike. Umbo la nje: kila safu ina duara moja, mraba mmoja na pembetatu moja, kwa hiyo safu ya mwisho inadai mraba. Mshale: kila hatua unageuka robo mzunguko kwa mwendo wa saa, na baada ya kushoto unafuata juu. Mraba, nukta 8, mshale juu. Hapo mwingine angeshaweka alama na kusonga mbele. Fundi anasoma mara ya pili, safari hii kutoka juu kwenda chini, katika safu wima ya tatu: nukta 3, 5, 8, pembetatu, duara, mraba, chini, kushoto, juu. Njia zote mbili zimekutana.

Hadi sasa hajayatazama majibu, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtunzi wa swali ni fundi pia, na ustadi wake umejificha kwenye majibu ya uongo. Ataweka mraba wenye nukta 7, kwa ajili ya aliyeona tatu na tano akaendelea kwa mbilimbili. Ataweka mraba wenye nukta 8 na mshale kulia, kwa aliyeuzungusha mara moja zaidi. Ataweka duara lenye nukta 8 na mshale juu, kwa aliyesahau umbo la nje. Kila jibu la uongo linakaribia ukweli, likikosea mahali pamoja tu. Ukianza kwa kuyasoma majibu, yatakushawishi mapema. Ni kweli, dakika zikiyoyoma, hata fundi hupunguza majibu kwa kuondoa yasiyo na nukta 8, wala haoni haya. Kazi ni kazi.

Maswali haya yana asili. Mwingereza John C. Raven alichapisha mtihani wake wa jedwali la maumbo mwaka 1938, akitafuta kipimo kisichotegemea maneno na kinachoweza kutumika hata nje ya maabara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilikitumia kupima askari wake. Toleo gumu zaidi lina maswali 36, na kwa kawaida hupewa dakika 40.

Mwaka 1990 watafiti watatu, Carpenter, Just na Shell, walichapisha uchunguzi wa namna watu wanavyolifumbua toleo hilo gumu. Walifuatilia macho ya watu na kuwataka waseme kwa sauti wanachofikiri. Wakakuta kwamba tatizo hukatwakatwa vipandevipande: watu hulinganisha kisanduku na jirani yake, wakapata kanuni moja, kisha nyingine. Aliyewazidi wenzake aliweza kugundua mahusiano yaliyojificha na kukumbuka afanyacho, kipi amekimaliza na kipi bado. Miongoni mwa kanuni ngumu ni ile ya umbo linaloonekana katika visanduku viwili vya safu na kukosekana katika cha tatu. Hapo lazima ukihesabu hata kisichokuwepo.

Ustadi wa namna hii hufundishika, na hapo ndipo waajiri wanaponikera kidogo. Mtihani usio na maneno si lazima uwe sawa kwa wote. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 kwa mtihani wa Raven wa watoto waliwapita mbali wale wa mwaka 1984. Watafiti waliyataja mambo kama lishe, afya na elimu ya wazazi. Leo naye kijana aliyeshika maswali haya tangu shuleni anaketi pamoja na anayeyaona kwa mara ya kwanza siku ya usaili, na saa yao ni moja. Waajiri, wapeni wasailiwa wote kurasa chache za mazoezi wiki moja kabla, zikiwa na majibu na maelezo yake.