Kisu cha Waridi

Mama anayeuza miche kando ya barabara ya Nakuru kwenda Njoro ana kisu kimoja cha waridi, na hakimenyi hata ndizi. Kubebesha alijifunza katika mashamba ya maua ya Naivasha. Nilikwenda kwake kununua ua, nikaishia kukalia ndoo iliyopinduliwa, nikitazama mikono yake.

Shina la chini ni waridi mwitu, Natal Briar. Ua lake si la kujivunia. Mizizi ndiyo mali. Kwanza hutwaa kijiti cha waridi jekundu na kusukuma mwiba kwa kidole gumba. Ukibanduka kwa mlio mkavu, kijiti kimekomaa. Ukipinda tu, anakirudisha. Kisha huchanja ganda la shina mfano wa herufi T, kina cha ganda na si zaidi, akabandua jicho moja la lile jekundu likiwa na kigamba chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, akalitelezesha ndani. Haongei wakati huo, maana kidonda kikikauka kazi imekwenda. Hufunga kwa utepe wa nailoni juu na chini, jicho likachungulia katikati.

Huchagua siku za mvua, utomvu ukipanda na ganda likiachia lenyewe. Likigoma, anaweka kisu chini na kushika mambo mengine.

Baada ya wiki tatu hivi, jicho lililoshika huwa bado kijani. Lililokufa huwa jeusi. Huligeuzia shina upande wa pili akachanja tena, bila kuguna.

Kwenye maji ndipo nilipomvulia kofia. Visima vingi vya huku vina ile floraidi iliyotupaka meno kahawia, na magadi juu yake. Waridi likinyweshwa hayo kwa muda, majani machanga hugeuka manjano, mishipa ikibaki kijani: chuma kimo udongoni, ila mizizi haikipati. Wengi tunakimbilia mbolea. Yeye amepanga mapipa chini ya mabati, na maji hayo ya mvua ni ya waridi kwanza. (Wajukuu, nadhani, wana maoni yao.)

Nilimweleza kuhusu waridi langu la mwaka juzi, lililotoa matawi marefu yenye afya nikayasifu kwa majirani, mpaka lile jekundu likafa. Matawi yalitoka chini ya kiungo. Yalikuwa ya mwitu.

"Ulikuwa unanenepesha bawabu, mwanangu," alisema. "Mwenye nyumba akafa njaa. Yang'oe yakiwa madogo, tena kwa mkono. Ukikata, yanarudi."

Nikauchagua mche wangu. Akauinamia, akaugusa utepe, akatikisa kichwa: haujafunguliwa. Pesa akakataa. Aliandika jina langu kwa chokaa kwenye mfuko mweusi, akausogeza kivulini, akaniambia nirudi na mvua za Agosti.