Kosa la Mpakani

Keroka ni mji mmoja wenye kaunti mbili. Upande huu ni Kisii, upande ule Nyamira, na kwa miaka mingi serikali hizo zimevutana juu ya nani atoze ushuru sokoni. Mfanyabiashara hapigi hatua nyingi kabla ya kujikuta chini ya masharti mengine. Kumbukumbu ya kompyuta nayo ina mipaka ya aina hiyo, na ufundi ninaouheshimu kuliko wowote unafanyika hapo.

Draiva ya grafiki huandika kwenye kumbukumbu ya kawaida, na pia kwenye anwani za kifaa chenyewe. Kwa prosesa za ARM, hizi zilizomo katika karibu kila simu inayouzwa Kisii mjini, anwani za kifaa zina masharti makali. Sasa chukua kitanzi kifupi ndani ya draiva: andika sifuri hapa, kisha panapofuata, hadi mwisho. Kimefanya kazi miaka. Mwaka 2020 ikatoka GCC 10, na katika -O2, kiwango kinachotumiwa sana kujenga kiini cha Linux, kompaila hiyo ikaanza kugeuza vitanzi vya namna hii kuwa mwito wa memset, kitendaji cha kujaza kumbukumbu. Na memset ya ARM ya biti 64 ina njia ya mkato, amri iitwayo DC ZVA, inayofuta baiti nyingi kwa mpigo, mara nyingi 64. Kwenye kumbukumbu ya kawaida, ni kasi tupu. Kwenye anwani za kifaa, ni marufuku. Skrini inaganda, na hakuna aliyegusa draiva.

Fundi hufungua logi. Anakuta msimbo wa kosa 0x96000061, na tarakimu mbili za mwisho zinamwambia: ni kosa la mpangilio wa anwani, tena wakati wa kuandika. Anaifumua draiva kwa objdump, anaisoma amri kwa amri, na palipokuwa na kitanzi anakuta mwito. Utamu wa dakika hiyo, jamani, haulipiki.

Wapo wanaorudi kwa kompaila ya zamani wakatulia. Siwaungi mkono. Kompaila ilipewa pointa ya kawaida, ikaamini ni kumbukumbu ya kawaida, haikudanganya mtu. Fundi anaandika memset_io, ndugu ya memset kwa anwani za kifaa, mahali pa kitanzi, kisha anakaa kuandika maelezo marefu kuliko badiliko lenyewe, ili atakayepita baada yake aelewe kwa nini.