Kazi Inayoanza Jumatatu

Mahubiri ya Jumapili kila mtu huyasikia. Kazi ya makatekista na wainjilisti wa vijijini, Nambis na kwingineko Mbulu, huanza Jumatatu, pale aliyeapa kuacha pombe anapoamka mikono ikimtetemeka. Mwinjilisti hupanda kilima alfajiri, kwenye baridi na matope, akasali naye kabla kilabu hakijafunguliwa. Akimkuta anaweweseka au ameshikwa na degedege, hutafuta pikipiki ampeleke hospitali, maana kuacha ghafla kunaweza kumuua mnywaji wa miaka mingi. (Wanaodai kwamba mwenye imani hahitaji daktari wakumbuke hospitali ya Haydom: ilifunguliwa mwaka 1955, na ni kazi ya wamisionari Walutheri.)

Siku ngumu kwa anayeacha pombe ni ya mnada. Mbuzi wake akishauzwa, marafiki wa kilabuni humzunguka. Mwinjilisti hukaa ubavuni mwake, huandamana naye dukani, sukari, sabuni, madaftari ya watoto, kisha hadi nyumbani, chenji ikabidhiwe mama watoto. Akirudia pombe, na wengi huirudia, mwinjilisti hamtangazi kanisani. Kesho yake anabisha hodi kama kawaida. Shamba lake mwenyewe hulipalilia jioni, na posho, ikiwapo, haitoshi hata viatu vya mvua.